Maswali ya Jumapili

Kila siku ya shule, saa kumi na moja kasoro robo jioni, Tanvi alipanda mbio ngazi za jengo lao la Kileleshwa, akavua viatu mlangoni, akapita mbele ya chumba cha babu yake bila kusimama. Mlango wa chumba hicho haukufungwa. Ndani, Mzee Pranlal alikuwa ameegemea mito miwili karibu na dirisha, blanketi magotini, akimsubiri.

"Umerudi, Tanvi?"

"Nimerudi, Babu."

"Shule ilikuwaje?"

"Ilikuwa nzuri," Tanvi alijibu, na sauti yake ilitokea jikoni, ambako alikuwa tayari anafunua sufuria.

Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minne, mwanafunzi wa Kidato cha Pili, na alikuwa na mambo mengi. Babu yake naye alikuwa na moyo mgonjwa, miguu iliyovimba, na hadithi za miaka arobaini ya kutengeneza pampu za maji. Tangu ujana wake alizunguka na sanduku la vyuma vyake kutoka Mombasa hadi Limuru, akifufua pampu za mashamba, za hoteli na za misikiti. Nyumbani walizungumza Kigujarati, lakini hadithi za pampu Babu alizisimulia kwa Kiswahili, kwa sababu hiyo ndiyo lugha aliyofanyia kazi. Tanvi alikuwa amezisikia tangu utotoni, na zilikuwa zimemchosha.

Katika muhula wa tatu wa mwaka huo, 2006, Mwalimu Mwololo, aliyewafundisha Fizikia, aliingia darasani na karatasi aliyoichapisha kutoka kwenye mtandao. Chuo kimoja cha ufundi kilikuwa kimeanzisha shindano la Fizikia kwa shule za sekondari. Kila timu ingekuwa na wanafunzi watatu. Maswali matano yangewekwa kwenye tovuti kila Jumamosi asubuhi kwa muda wa majuma manne, na majibu yatumwe kabla ya Jumanne jioni. Mwishowe timu tano bora zingekutana ana kwa ana katika ukumbi mmoja katikati ya jiji, na shule ya washindi ingepewa kompyuta kumi.

Darasa lilishangilia. Shule yao ilikuwa na kompyuta mbili, na moja ilikuwa imekufa.

Mwalimu alimteua Wanjugu kuwa nahodha. Wanjugu alikuwa msichana mpole kutoka Kabiria, ambaye aliishambulia hesabu ngumu kama mtu anayelima shamba lenye mawe: polepole, mstari kwa mstari, hadi mwisho. Wa pili alikuwa Dalmas, mvulana mcheshi aliyejua kuchora michoro kuliko wote. Wa tatu alikuwa Tanvi. Kila mtu alijua kwa nini Tanvi amechaguliwa. Baba yake, Gaurav, alikuwa na duka la karatasi na vifaa vya kuandikia karibu na Moi Avenue, na nyuma ya duka hilo kulikuwa na kompyuta yenye mtandao. Hakuna aliyelisema hilo waziwazi, lakini Tanvi alilijua, na lilimchoma.

Jumamosi ya kwanza walikutana dukani. Modemu ilipiga kelele zake, ikanyamaza, na ukurasa ukafunguka taratibu kama mtu anayefunua pazia kwa mkono mmoja. Juu kabisa yalikuwa masharti. Wanjugu aliyasoma kwa sauti: majibu yawe ya wanafunzi watatu peke yao, na msaada wa mtu mzima yeyote haukubaliwi. Kabla ya kutuma majibu, timu ilipaswa kuweka alama ya vema katika kisanduku kidogo kuthibitisha kwamba imefuata sharti hilo.

Juma lile walijikakamua, wakatuma, wakawa wa ishirini na nane kati ya timu sitini.

"Si mbaya," alisema Dalmas. "Kuna thelathini na mbili zinazotuonea wivu."

Juma la pili lilileta swali la pampu. Pampu ya kuvuta maji imewekwa juu ya kisima Nairobi. Je, inaweza kuyavuta maji kutoka kina gani, na kwa nini? Waligawana maswali, wakaenda makwao kufikiri. Jumapili mchana Tanvi alikaa na swali hilo mezani hadi kichwa kikamuuma. Ndipo akakisikia kile kikohozi cha Babu kutoka chumba cha pili.

Akainuka, akaenda kusimama mlangoni.

"Babu, pampu ya kuvuta maji inaweza kuvuta kutoka chini kiasi gani?"

Mzee Pranlal aligeuza kichwa, na uso wake ukachanua. "Nani anauliza?"

"Mimi tu. Nataka kujua."

"Keti, mwanangu. Keti hapa." Alisogeza miguu yake mizito ili apate nafasi kitandani. "Watu hufikiri pampu inavuta maji. Haivuti! Pampu inaondoa hewa ndani ya bomba tu. Kinachopandisha maji ni uzito wa hewa iliyo nje, inayoyakandamiza maji ya kisimani. Sasa nikuulize wewe. Pampu moja, Mombasa ilitoa maji kutoka futi ishirini na nne. Nikaipeleka Limuru, kisima cha futi zile zile, haikutoa hata tone. Mwenye shamba akataka kunifukuza. Kwa nini?"

Tanvi alifikiri. "Kwa sababu Limuru iko juu?"

"Ehe! Juu, hewa ni nyepesi. Msukumo ni mdogo." Mzee alicheka hadi akakohoa. "Mimi ilinichukua siku mbili kugundua, wewe umetumia dakika moja."

Wakakaa pamoja hadi saa ya chai. Babu alimpa njia nzima, na Tanvi akaandika kila neno.

Jumatatu baada ya masomo, Wanjugu alifungua daftari lake. Alikuwa amejaza kurasa nne na kupata mita kumi.

"Hiyo ni ya pwani," alisema Tanvi. "Nairobi tuko juu, hewa yetu ni nyepesi. Ni kama mita nane na nusu, na kwa pampu halisi ni pungufu ya hapo."

Wenzake walimtazama kwa mshangao. "Umeipata wapi hiyo?" aliuliza Wanjugu.

Neno "Babu" lilifika mdomoni mwa Tanvi, likasimama hapo. Aliliona lile jicho la heshima la Dalmas, jicho ambalo halikuwahi kumwangalia hivyo.

"Nilifikiri tu," alisema.

Walipotuma majibu, Tanvi ndiye aliyeweka alama ya vema kwenye kisanduku. Juma lile wakapanda hadi nafasi ya kumi na moja.

Kuanzia hapo Jumapili zikawa na desturi yake. Juma la tatu swali moja liliuliza kwa nini mota iliyounganishwa kwa waya mrefu mwembamba hunguruma bila kuzunguka. Babu alikuwa amekutana nayo Thika. La juma la nne liliuliza kwa nini mabomba hugonga mtu anapofunga mfereji kwa ghafla. Babu aliwahi kuona bomba likipasuka hivyo katika hoteli ya Malindi. Tanvi aliketi kitandani na daftari, akauliza, akaandika, na mara jibu lilipokamilika akasema, "Asante, Babu," akaondoka. Mara nyingine mzee alikuwa bado katikati ya sentensi.

Timu ikawa ya sita, kisha ya tatu. Mwalimu Mwololo aliwatangaza mbele ya shule nzima. Siku hiyo hiyo Wanjugu alimwendea mwalimu na kusema, "Mwalimu, afadhali Tanvi awe nahodha. Yeye ndiye anayejua." Mwalimu akakubali.

Jambo hilo lingeishia hapo, pengine lisingekuwa zito sana. Lakini katika muhula ule wanafunzi wa Kidato cha Pili walikuwa wakichagua masomo watakayoendelea nayo mwaka unaofuata. Mchana mmoja Tanvi alimkuta Wanjugu peke yake darasani, fomu iko mbele yake, amepiga mstari juu ya neno Fizikia.

"Unaacha Fizikia? Wewe?"

"Nimejipima," Wanjugu alisema kwa utulivu. "Wewe unafikiri tu, jibu linakuja. Mimi najaza kurasa nne na bado nakosa. Nilitaka kuwa mhandisi, lakini mtu lazima ajue uwezo wake."

Tanvi alijua kwamba kurasa nne za Wanjugu zilikuwa na akili kuliko kunakili kwake kote. Alifungua mdomo. Kisha akaifikiria ile siku ya fainali, na jina lake lilivyosomwa mbele ya shule, akaufunga tena.

"Fikiria kidogo kwanza," ndilo alilosema.

Wanjugu aliikunja fomu, akaipeleka ofisini.

Jumapili iliyofuata hapakuwa na maswali. Duru nne zilikuwa zimekwisha. Fainali ilikuwa bado siku kumi. Tanvi alikuwa amelala sebuleni akitazama televisheni Babu alipoita.

"Tanvi! Leo swali gani?"

"Leo hakuna swali, Babu."

"Basi njoo tu. Mimi ninalo moja la kukuuliza."

"Nakuja, Babu. Filamu ikiisha."

Filamu iliisha, ikaanza nyingine. Babu hakuita tena.

Jumanne, katikati ya somo la Jiografia, karani wa shule alikuja kumwita Tanvi. Baba yake alikuwa amesimama chini ya mlingoti wa bendera, mikono imening'inia. Moyo wa Mzee Pranlal ulikuwa umesimama asubuhi, kabla hata ya kufikishwa hospitalini.

Mwili ulichomwa siku iliyofuata kwa desturi ya Kihindu. Jumamosi watu walikuja nyumbani kuomboleza. Fanicha za sebuleni zilikuwa zimeondolewa na shuka jeupe kutandikwa sakafuni. Picha ya Babu iliegemezwa ukutani, imevikwa shada la maua ya manjano, na moshi wa ubani ulipanda polepole mbele yake. Mwalimu Mwololo alifika na Wanjugu na Dalmas. Walivua viatu mlangoni pamoja na wageni wengine, wakaketi chini karibu na ukuta.

Baba yake Tanvi aliwasogelea. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Asanteni kwa kuja, wanangu. Ningependa mjue jambo moja," alisema. "Mzee wetu alikaa miaka miwili kitandani na hakuna aliyemuuliza habari za kazi yake. Mimi mwanawe sikumuuliza. Lakini mwezi huu wa mwisho alikuwa mtu mwingine. Kila Jumapili Tanvi alikaa naye, akimuuliza mambo ya pampu, ya mota, ya mabomba yanayogonga. Alimwambia kila aliyempigia simu: mjukuu wangu atakuwa mhandisi. Alikufa akiwa na furaha, na furaha hiyo alipewa na mtoto huyu."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Dalmas alikuwa akiitazama picha. Lakini Wanjugu aligeuka polepole akamwangalia Tanvi, na Tanvi akaona jinsi mambo yalivyokuwa yakijipanga nyuma ya macho yale, mstari kwa mstari, hadi mwisho.

Wanjugu alisubiri hadi watu walipoanza kuinuka, akavaa viatu, akashuka ngazi. Tanvi alimfuata bila viatu hadi langoni.

"Lile la pampu lilikuwa la babu yako?"

"Ndiyo."

"Na la waya? Na la mabomba?"

"Yote, Wanjugu."

Wanjugu alitazama barabara. "Juma baada ya juma nimejiona mjinga. Nilikuwa nafika nyumbani, mama ananiuliza mbona sina raha, nami namwambia nimechoka tu. Kumbe nilikuwa nikishindana na fundi wa miaka arobaini." Alijifuta macho kwa kiganja. "Pole kwa babu yako. Hilo nalisema kwa moyo wangu wote. Hili lingine, sijui hata niseme nini."

Akaenda zake. Hakumsemea Tanvi kwa mwalimu. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote: kwamba alimwachia alibebe mwenyewe.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, Tanvi aligonga mlango wa chumba cha walimu. Alisema kila kitu, amesimama wima. Mwalimu Mwololo alimsikiliza hadi mwisho, kisha akavua miwani na kuyasugua macho yake.

"Mimi pia nina kosa," alisema. "Nilijua uwezo wako, Tanvi. Nilishangaa majibu yale yanatoka wapi. Lakini nilizitaka zile kompyuta, kwa hiyo sikuuliza." Akaivaa tena miwani. "Kumuuliza babu yako hakukuwa dhambi. Ungetuambia siku ile ile, tungeliacha swali lile, tukapoteza alama chache, na wewe ungebaki na babu mwenye elimu wa kujivunia. Ulilificha jina lake ili jina lako ling'ae. Na mwanga ule ulimtia mwenzako gizani. Nenda ukawaambie wanafunzi wenzako wa timu. Kisha tutawaandikia waandalizi."

Dalmas alipoambiwa, utani wote ulimtoka. "Mama amenishonea shati la fainali," alisema. "Ameshalimaliza." Akachukua mkoba wake, akatoka, na kwa majuma mawili hakumsalimu Tanvi.

Barua pepe Tanvi aliiandika mwenyewe dukani, baba yake amesimama nyuma ya kiti. Gaurav alikuwa ameambiwa yote jana yake, na tangu hapo hakuwa amesema mengi. Tanvi alipobonyeza kitufe cha kutuma, baba yake aliweka mkono begani mwake, akauacha hapo kidogo, kisha akarudi kaunta kuwahudumia wateja. Majibu yalikuja kesho yake: timu imeondolewa katika fainali, waandalizi wanashukuru kwa kuambiwa ukweli, shule inaweza kujiandikisha tena mwaka ujao. Shule haikupata kompyuta. Wanafunzi walinung'unika korido nzima, na Tanvi alipita katikati yao akiwa ameinamisha uso.

Kitu kimoja kiliokolewa kwa wakati. Fomu za masomo zilikuwa bado ofisini, na Mwalimu Mwololo alikwenda kuichukua ya Wanjugu. Wanjugu aliandika Fizikia upya juu ya ule mstari, akiikandamiza kalamu hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Siku chache baadaye alifika kwenye dawati la Tanvi na lile daftari lenye kurasa nne.

"Hapa ndipo nilipokosea," alisema, akionyesha kwa kidole. "Niliuchukua uzito wa hewa wa pwani. Kila kitu kingine kilikuwa sawa. Nataka nikuonyeshe njia nzima, ili ujue ile uliyoandika ilikuwa inasema nini."

Hakutabasamu, lakini aliketi. Tanvi alimpisha kwenye benchi.

Siku ya kumi na tatu baada ya kifo, sala za mwisho zilipokwisha na wageni wakaondoka, Tanvi alimkuta mama yake, Deepa, akikunja blanketi katika chumba cha Babu. Kitanda kilikuwa kimetolewa mashuka. Alisimama pale mlangoni alipozoea kusimama.

"Mama, Babu alijua?"

"Alijua nini?"

"Kwamba nilikuwa nikija kwa sababu ya maswali tu."

Mama yake aliliweka blanketi chini. "Habari za shindano hakuzijua. Lakini kwamba ulikuja kwa sababu ya maswali, alijua. Babu yako alikuwa mzee, hakuwa mjinga. Siku moja aliniambia, 'Deepa, afadhali aje kwa ajili ya pampu kuliko asije kabisa.' Kila Jumapili asubuhi alinitaka nimnyoe ndevu na kumvalisha shati safi. Alikuwa akisema ana mgeni."

"Hata ile Jumapili ya mwisho?"

"Hata ile ya mwisho."

Tanvi aliketi juu ya godoro tupu. Machozi ambayo yalikuwa yamegoma siku zote zile, hata siku ya moto, yalimjia kwa wingi.

Mama aliketi kando yake. "Sikiliza, mwanangu. Kosa ulilowafanyia wenzako umelikiri, nalo linaanza kutengenezeka, kwa sababu wenzako wapo. Wanjugu unaweza kumwomba msamaha leo, na kesho ukamwonyesha kwamba ulimaanisha. Babu hayupo. Ndiyo sababu wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja nyuma, wakati mwenyewe ameshaondoka. Sikuambii haya ili nikuumize. Nakuambia kwa sababu una miaka mingi mbele yako, na watu wengi. Ukichukua kitu cha mtu, hata kama ni maarifa yake tu, litaje jina lake. Na usimwendee mtu siku unapomhitaji tu. Mwendee pia siku ambayo yeye ndiye anayekuhitaji, kwa maana siku hiyo hutajua kama ndiyo ya mwisho."

Tanvi aliitikia kwa kichwa. Mama yake hakumwambia anyamaze. Alimshika mkono, akamwacha alie hadi alipomaliza.